Barua ya wazi kwa wenye vyuo vya theolojia Kanda ya Ziwa: msihesabu vitabu tu, ulizeni nani anavisoma

Wahashamu maaskofu na viongozi wa makanisa mnaomiliki vyuo vya Biblia na seminari kuanzia Musoma hadi Bukoba. Wajumbe wa bodi na mabaraza ya vyuo hivyo. Wakuu wa vyuo. Nanyi ndugu wa tume za ithibati mnaokuja kutukagua,

Bwana Yesu asifiwe. Na kwa wenzetu wa upande wa pili wa barabara, Tumsifu Yesu Kristo.

Ninawaandikia kutoka Mwanza, nikiwa mkutubi. Kazi yangu ni kupokea vitabu, kuvipa namba, kuvipanga rafuni, kuviazimisha na kuvidai vikichelewa. Si kazi inayomfikisha mtu kwenye meza ya bodi, ndiyo maana nimechagua barua.

Sina ugomvi na ithibati. Mchungaji aliyemaliza masomo yake kwa jasho, kisha akaenda kuomba nafasi ya shahada na kuambiwa cheti chake hakitambuliki, ameumizwa na kanisa lake mwenyewe. Kwa hiyo ni jambo jema kwamba vyuo vinavyotoa astashahada na stashahada vinajipanga mbele ya NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, vya shahada mbele ya TCU, tume ya vyuo vikuu, na vile vya kiinjili vinatafuta pia ithibati ya ACTEA, chombo cha elimu ya theolojia barani Afrika, ambacho kilianza 1976 na makao yake yako Nairobi. Wakaguzi hao, hata wawe na haraka ya kuwahi ndege, hawaondoki bila kuingia maktaba. Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze, maana kinachofanyika kabla hawajaingia mnakijua na mmekinyamazia.

Kinachofanyika ni funika kombe mwanaharamu apite. Barua ya ukaguzi ikifika, maktaba ambayo mwaka mzima haikupewa hata fedha ya gundi inakumbukwa. Rangi inapakwa. Balbu zinabadilishwa. Maboksi yaliyolala stoo tangu enzi za mkuu wa chuo aliyepita yanafunguliwa, na kila kilichomo kinapigwa muhuri na kupewa namba usiku kucha, kiwe cha theolojia kisiwe. Chuo kimoja ninachokifahamu, nacho sitakitaja, kiliwaomba walimu walete vitabu vya nyumbani kwao kwa wiki ile ya wageni. Wakaguzi wakahesabu, wakaandika, wakanywa chai na sambusa, wakaaga. Jumatatu yake vitabu vikarudi kwa wenyewe kwenye bajaji.

Na vile vinavyobaki? Njooni nami hadi rafu ya mwisho, ile iliyo chini ya dirisha linalotazama ziwa. Kuna miongozo ya programu za kompyuta ambazo hazipo tena duniani. Kuna ensaiklopidia iliyokosa herufi M hadi P. Kuna kitabu cha kuwasaidia wazee wa kanisa kupanga maegesho ya magari ya washarika; kwetu washarika wengi wanakuja kwa miguu na wachache kwa bodaboda. Kuna kumbukumbu za mikutano mikuu ya jimbo fulani la kanisa huko Marekani, na rundo la nakala za kitabu kimoja hicho hicho kuhusu kambi za vijana wakati wa theluji. Unyevu wa ziwa umeshapanda kwenye majalada, kuvu imechora ramani zake. Ukifungua nyuma, kwenye karatasi ya tarehe za kurudisha, nyingi hazina muhuri hata mmoja. Kwenye vile vyenye muhuri, mara ya mwisho kuazimwa Rais alikuwa bado Mkapa.

Lakini vyote hivi vina namba, na kwenye ripoti ya ukaguzi vyote ni vitabu. Chuo kinapata alama, bodi inapiga makofi, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anayetafuta ufafanuzi mmoja wa Waraka kwa Wagalatia kwa lugha anayoielewa anaambiwa asubiri, maana nakala ni moja na iko kwa mwalimu.

Waheshimiwa, kontena la bure halijawahi kuwa bure. Chuo kinalipia bandari ya Dar es Salaam, kinalipia wakala wa kutoa mzigo, kinalipia siku ambazo kontena limekaa kwa sababu nyaraka hazikukamilika, kinalipia lori hadi Mwanza, halafu kinalipia vibarua wa kushusha. Fedha hiyo ingenunua vitabu tulivyovihitaji, tena vipya. Wafadhili wenyewe wengi wana nia njema, wangefurahi kupokea orodha kutoka kwetu. Hatuwapi. Tunaona haya kumwambia mgeni kwamba zawadi hii haitufai.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1958, kwenye mkutano wa Baraza la Kimataifa la Misheni uliofanyika Accra, ulianzishwa mfuko wa elimu ya theolojia wenye dola milioni 4, nusu ikitoka kwa tajiri wa Marekani, Rockefeller, na nusu kwa bodi za misheni. Sehemu ya fedha ile ilikwenda moja kwa moja kwenye maktaba za vyuo vya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na ikatengenezwa orodha ya vitabu ili vyuo vichague. Unaweza kuilaumu orodha ile kwamba ilijaa waandishi wa Kizungu tu, na lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo waliotoa fedha walielewa jambo ambalo sisi tumelisahau, kwamba vitabu vya chuo vinachaguliwa kufuatana na mtaala, havikusanywi kama mitumba.

Sasa niwageukie ninyi wakaguzi, kwa heshima zote. Mkija safari ijayo, msianzie kwenye rafu. Anzieni ofisi ya mkuu wa taaluma. Ombeni muhtasari wa masomo matatu, mchague wenyewe msichaguliwe, kisha mje navyo maktaba mniulize vitabu vilivyoandikwa pale mwisho viko wapi. Vingi havipo. Walimu huinakili orodha hiyo kutoka kwa walimu waliowafundisha wao, vitabu chuo hakijawahi kuviona. Baada ya hapo ombeni rejista ya wanaoazima na muangalie ina mwandiko wa nani, kwa sababu ziko rejista zilizojazwa zote siku moja kwa kalamu moja. Muulizeni mhasibu risiti za vitabu vilivyonunuliwa mwaka uliopita. Risiti ni ngumu kuazima kwa jirani. Na kaeni na wanafunzi bila mkuu wa chuo kuwepo, muwaulize maktaba inafunguliwa saa ngapi kweli, maana ratiba iliyobandikwa mlangoni ni ya kwenu, siyo yao.

Wenzetu wamekwishatoka huko kwenye kuhesabu. Viwango vipya vya ATS, chama cha vyuo vya theolojia vya Marekani na Kanada, vilivyopitishwa 2020, vinataka maktaba iongozwe na mtaalamu mwenye sifa, ihudumie malengo ya masomo ya chuo, na ipimwe kwa hilo. Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Katiba ya kitume, yaani hati ya Papa, ya 1979 kuhusu vyuo vikuu na vitivo vya Kanisa Katoliki ilisema wazi kwamba kitivo lazima kiwe na maktaba iliyopangwa vizuri yenye katalogi inayofaa, na kwamba itengewe fedha kila mwaka za kununua vitabu vya zamani na vipya pamoja na majarida makuu. Papa Fransisko alipoipitia upya mwaka 2017 hakuliondoa sharti hilo. Maneno "kila mwaka" ningependa myapigie mstari. Hayasemi mfadhili akipatikana, wala bajeti ikiruhusu.

Nikiuliza kwa nini maktaba haina kasma yake, yaani fungu lake la bajeti, jibu ni lile lile: hali ya chuo ni ngumu, washarika hawatoi, ada hazilipwi. Ninakubali, ni ngumu. Lakini ugumu huo huo haukuzuia kununua viti vipya vya ukumbi wa mahafali. Kwenye vitabu vya mhasibu maktaba inaingia chini ya "mengineyo", pamoja na maua ya wageni na dawa ya mchwa. Ninachoomba ni kidogo na kinapimika. Kila chuo kitenge asilimia maalumu ya ada, bodi ipange ni ngapi, iandikwe kama kasma inayojitegemea, na isihamishwe kwenda kununua dizeli ya jenereta mpaka bodi iidhinishe kwa maandishi.

Na mtu wa kuisimamia. Katika vyuo vyetu vingi mkutubi ni yule aliyekosa nafasi kwingine: mjane wa mchungaji aliyeonewa huruma, karani aliyegombana na msajili, mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayepunguziwa ada. Sidharau watu hao, baadhi yao ndio wameokoa maktaba hizi zisigeuke stoo za mahindi. Lakini anayepewa ufunguo bila mafunzo atalinda mlango tu. Bagamoyo kuna chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kila mwaka makanisa yanapeleka vijana wake kusomea uhasibu na udereva. Wa kusomea ukutubi nimewatafuta sana. Halafu huyo mkutubi aingizwe kwenye kamati ya taaluma, akae mezani pale somo jipya linapopitishwa, aulizwe kama vitabu vipo. Mara nyingi tunasikia somo jipya limeanza siku wanafunzi wanapokuja kuuliza.

Kuna jambo jingine linaloniumiza zaidi ya fedha, na ningependa nikae hapa kidogo.

Alikuja kwangu mwanafunzi mmoja, mchungaji kutoka visiwani. Alitaka kuandika utafiti wa stashahada kuhusu wajibu wa usharika pale bibi kizee anapotuhumiwa uchawi. Wote tunaoishi Usukumani tunajua anachozungumzia. Bibi ana macho mekundu kwa sababu amepikia kuni na samadi tangu utoto wake, mtoto wa jirani anafariki, anaitwa mganga, na kabla mvua hazijaisha kuna kaburi. Mchungaji huyu alishazika. Alitaka kujua waliomtangulia waliandika nini, ili akirudi kisiwani ajue cha kuhubiri na cha kuwaambia wazee.

Nikampeleka kwenye rafu. Katika mfumo wa Dewey tunaoutumia kuvipa vitabu namba, dini ziko kwenye kundi la 200; Ukristo umepewa karibu kundi hilo lote, na dini za jadi za Afrika zimesukumwa hadi 299.6, pembezoni kabisa. Hiyo ni ya Dewey, hatuwezi kumlaumu mkuu wa chuo. Ila rafu yenyewe ya 299.6 pale ilikuwa na kitabu kimoja na nusu, kwa maana cha pili kilikuwa kimekatika mgongo na kurasa za mwisho hazipo. Akaondoka na kitabu kuhusu kesi za wachawi wa Ulaya ya karne ya 16. Kilikuwa kizuri, alisema. Lakini hakikuwa na bibi wa kwao.

Na hii si kwa sababu maarifa hayapo. Pale Bujora, Kisesa, daladala moja tu kutoka mjini, Padri David Clement wa Wamisionari wa Afrika alianza kukusanya mambo ya Wasukuma katika miaka ya 1950, na makumbusho yapo hadi leo. Ndoleleji, Shinyanga, Padri Donald Sybertz wa Maryknoll na waumini wake walikusanya methali, vitendawili, hadithi na nyimbo za Kisukuma kwa miaka mingi wakizisoma pamoja na Injili. Karatasi za Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni na aliyeandika sana juu ya Usukuma, zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni chuo gani cha theolojia kanda hii kimewahi kuandika barua kuomba nakala?

Vivyo hivyo vitabu vya Kiswahili. Central Tanganyika Press ya Dodoma imechapisha tangu 1954. TMP Tabora, Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho, Inland Publishers hapa hapa Mwanza, wote wametoa vitabu ambavyo mwinjilisti wa Sengerema anaweza kuvisoma bila kamusi. Jarida la AFER, la Wakatoliki wa Afrika Mashariki, lilianza 1959, na lile la theolojia la Makumira 1968. Tungekuwa na mfululizo kamili wa haya, mkaguzi angekuta maktaba ndogo lakini yenye maana. Tulichonacho ni toleo moja hapa, jingine kule, na katikati pengo la miaka. Wanafunzi wa astashahada wanafundishwa kwa Kiswahili, wanafanya mtihani kwa Kiswahili, watahubiri kwa Kiswahili na Kisukuma na Kikerewe na Kijita. Rafu zinawasemesha Kiingereza.

Halafu kuna yale wanayoyaandika wenyewe. Kila mwaka wahitimu wanawasilisha maandiko yao ya utafiti: ndoa za mitala na ushirika mtakatifu Magu, matambiko ya wavuvi kabla ya kushusha mitumbwi, kwa nini vijana wa machimbo ya Geita hawaji ibadani. Mengine ni dhaifu, nimeyasoma. Mengine yana mahojiano na wazee ambao sasa hawapo. Yanasahihishwa, yanafungwa kwa kamba ya katani, yanawekwa kwenye kabati la mkuu wa taaluma, na mkuu wa taaluma akihamishwa kabati linasafishwa. Hayo ndiyo maandiko pekee ya theolojia yanayoihusu Kanda ya Ziwa kwa karibu hivyo, na tunayachoma pamoja na takataka za muhula. Naomba amri moja tu kutoka kwenu, wala haihitaji fedha: nakala moja ya kila utafiti iletwe maktaba kabla mwanafunzi hajasainiwa fomu ya kuondoka.

Najua mtasema siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Kipo kiasi, na ninakitumia. Maktaba ya Globethics, yenye makao yake Geneva, inafunguliwa bure kwa kujisajili. Iko pia maktaba ya kidijitali ya theolojia inayokusanya kazi zilizo wazi kwa wote, na ndani yake kuna majarida ambayo chuo chetu kisingeweza kuyanunua kamwe. Lakini mwanafunzi anayasoma kwa bando lake mwenyewe, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na hakuna aliyemfundisha kutafuta. Anaandika swali zima kwenye Google na kunakili jibu la kwanza. Kama bodi inataka mtandao uhesabiwe kama maktaba, basi iweke intaneti inayofanya kazi chumbani humo, kompyuta chache, na saa kwenye ratiba za kufundisha utafutaji. Bila hivyo ni kumwambia mwanafunzi ajinunulie maktaba yake.

Lipo la mwisho, nalo linahitaji ninyi mliosimama pande mbili za barabara mkae pamoja, jambo ambalo huwa mnalifanya kwenye misiba na kwenye Siku ya Maombi ya Wanawake. Hapa Mwanza na jirani zake tuna vyuo vya Biblia vya makanisa mbalimbali, nyumba za malezi za mashirika ya kitawa, maktaba ya mkoa, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino pale Malimbe, kilichotokana na taasisi ya Nyegezi iliyoanzishwa 1960. Kila mmoja ana kipande. Hakuna anayejua mwenzake ana nini. Programu ya Koha, iliyoanzia New Zealand na isiyolipiwa leseni, inaweza kubeba katalogi moja ya vyuo vyote hivi. Tunahitaji seva moja, wakutubi wawili watatu waliofunzwa, na barua za makubaliano zenye sahihi zenu. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kitabu kilichoko Mwanza kinaweza kufika Sengerema siku hiyo hiyo bila kungoja kivuko. Tulichobakiza ni kuruhusiana.

Tume za ithibati nazo zitamke waziwazi kwamba ushirikiano wa namna hii unakubalika kama sehemu ya maktaba ya chuo. Vyuo vingi vinaogopa kuingia humo vikidhani vitaambiwa havina maktaba yao wenyewe.

Naomba mambo haya yawekwe kwenye ajenda ya kikao cha bodi cha kabla ya bajeti, siyo cha baada yake: kasma, mkutubi kwenye kamati ya taaluma, nakala za utafiti, na ruhusa ya kuanza katalogi ya pamoja. Kuhusu maboksi yaliyoko stoo, naomba nipewe kibali cha kuchambua na kuondoa visivyofaa kabla ya ukaguzi ujao, hata kama hesabu itashuka. Mkaguzi akiuliza kwa nini imeshuka, nitamjibu mimi.

Wenu katika huduma,

Mkutubi, Mwanza

Nakala: Wakuu wa taaluma, wasajili na wahasibu wa vyuo. Hasa wahasibu.